Kushoto Kwetu, Kulia Kwao

Nilikosea barabara ikiwa tupu. Ilikuwa Jumapili asubuhi, kijijini, kilomita chache kutoka Bielefeld, Ujerumani. Tulikuwa tumejaza mafuta, mimi na rafiki yangu wa Kigali, na zamu ya kuendesha ilikuwa yangu. Nilitaka kuwasha indiketa, nikawasha waipa, kama nilivyofanya mara kadhaa tangu jana yake. Tukacheka. Nikakata kushoto kutoka kituoni, nikaingia barabarani, nikatulia upande wa kushoto kama mtu anayeingia chumbani kwake gizani bila kupapasa ukuta. Niliona kila kitu kiko sawa. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

"Dada, kulia," alisema rafiki yangu, kwanza kwa sauti ya kawaida. Kisha, "Dada! Kulia! Kulia!"

Gari la kijivu lilikuwa limeibuka juu ya kilima kifupi mbele yetu, taa zikiwaka na kuzimika. Nilivuta usukani. Tulipishana kwa nafasi ndogo kiasi kwamba niliuona uso wa dereva: mzee, mdomo wazi, mikono yote miwili kwenye usukani. Hakusimama. Mimi nilisogea hadi kituo cha basi, nikazima injini, nikaanza kutetemeka magoti.

Rafiki yangu hakunikemea. Alisubiri, kisha akasema, "Waingereza wangeibakiza Gisaka, na mimi ningekosea hivyo hivyo."

Ninasoma shahada ya uzamili ya historia. Utafiti wangu unahusu barabara za Lushoto. Nilielewa alichomaanisha, lakini ilinichukua siku zote zilizobaki za safari ile kuelewa kwamba utani wake ndio ulikuwa maelezo kamili ya kosa langu.

*

Nilizaliwa Mtae, pale Milima ya Usambara inapokatika ghafla na kuacha mtu akitazama tambarare ya Mkomazi chini yake kama anayechungulia kutoka dari. Kutoka Lushoto hadi kwetu ni mwendo wa saa kadhaa wa vumbi wakati wa kiangazi, na wa matope wakati wa masika. Baba yangu aliendesha basi kwenye njia hiyo kwa miaka mingi, abiria ndani, na juu ya paa viazi, kabichi na matenga ya matunda. Ndiye aliyenifundisha kuendesha.

Mafunzo yake hayakuwa na kitabu. Piga honi kabla ya kona, si ndani ya kona. Mlimani, anayepanda ndiye mwenye njia. Anayeshuka asimame, arudi nyuma ikibidi. Utingo asilale, jiwe la kuzuia gurudumu liwe karibu na mkono wake. Na kubwa kuliko yote: "Shika kushoto kwako, mwanangu. Mwenye kushoto kwake hana deni."

Nilikua nikiamini kwamba kushoto ni upande wa barabara kama vile chini ni upande wa mvua. Sikuwahi kujiuliza ni nani aliyetuchagulia. Hata nilipofika chuo kikuu na kuanza kusoma faili za ukoloni, nilitafuta nani alilima barabara, kwa nguvu za nani, kwa malipo gani. Upande sikuutafuta.

Nilikwenda Ujerumani kwa kozi fupi ya wiki mbili. Baada ya kozi nilibakiwa na siku tano za kuwa mtalii tu. Nilitaka kuuona mji wa Bielefeld, kwa sababu kitongoji chake cha Bethel kilikuwa makao makuu, tangu 1906, ya misheni ya Kilutheri iliyofika Mlalo mwaka 1891 na baadaye ikafungua kituo Mtae. Watu wa Bethel waliiona milima yetu kwa zaidi ya karne moja. Nilifikiri si vibaya mmoja wetu akautazama mlima wao, hata kwa siku moja. Rafiki yangu wa Kigali, tuliyekutana darasani, akasema, "Twende kwa gari. Tugawane gharama."

Karatasi zangu zilikuwa tayari zimejaa bahasha: viza ya Schengen, taarifa ya benki, barua ya mwaliko, bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Sasa nikaongeza leseni yangu ya Tanzania na kijitabu cha kibali cha kimataifa cha udereva, nilichokuwa nimekichukua Dar es Salaam kwa tahadhari tu. Mhudumu wa gari la kukodi alivikagua vyote viwili, akatazama picha, akanitazama, akatazama picha tena. Kisha akatukabidhi funguo.

Usukani ulikuwa kushoto. Gia zilikuwa mkono wa kulia. Mlango niliouendea mara ya kwanza ulikuwa wa abiria.

*

Rafiki yangu alianza kuendesha, na aliendesha kama yuko kwao. Kwa kweli, kwa habari ya barabara, alikuwa kwao. Rwanda wanashika kulia.

Hapo ndipo pana jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kufundishwa sekondari. Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa koloni moja, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha na Mjerumani akanyang'anywa, washindi waliigawana. Mwezi Mei 1919 Uingereza na Ubelgiji zilikubaliana kwamba Ruanda-Urundi ichukuliwe na Wabelgiji, na sehemu kubwa iliyobaki iwe ya Waingereza. Wabelgiji kwao hushika kulia. Waingereza kwao hushika kushoto. Magari yalipoanza kuwa mengi, kila mtawala aliyapanga kwa mkono wake. Ndiyo maana leo, ukivuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, unaingia ukiwa upande mmoja na kutokea ukiwa upande mwingine. Mto ni ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyeketi upande gani wa meza mwaka 1919.

Na Gisaka? Ni eneo la mashariki mwa Rwanda, ng'ambo tu ya mto huo, na ndiko walikotoka wazee wa rafiki yangu. Katika makubaliano ya kwanza Gisaka ilipewa Waingereza, waliokuwa wakiwaza njia ya reli kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika. Waliishika kwa muda mfupi mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha, baada ya malalamiko ya mfalme wa Rwanda, ya wamisionari na ya Wabelgiji wenyewe, ikarudishwa Rwanda. Kama isingerudishwa, rafiki yangu angekuwa Mtanzania, angejifunza gari kwa mkono wa kushoto, na Jumapili ile pale kijijini tungekuwa wawili tusioona kosa.

Nilimwambia hayo tulipokuwa tumekaa kwenye kile kituo cha basi. Akajibu, "Ndiyo maana nimekuja nawe. Mmoja wetu lazima awe Mbelgiji." Safari hii nilicheka.

*

Mtu anaweza kusema hili ni jambo dogo. Kushoto, kulia, kuna tofauti gani mradi wote mmekubaliana? Ni kweli, na ndiyo sababu linafaa kuchunguzwa: pande zote mbili ni sawa, kwa hiyo aliyechagua alichagua kwa sababu nyingine.

Ulaya yenyewe haikuzaliwa ikiwa upande mmoja. Austria ilihamia kulia baada ya Hitler kuimeza mwaka 1938, na Chekoslovakia ilihamishwa mwaka uliofuata, majeshi ya Kijerumani yalipoingia. Ureno ilihama yenyewe mwaka 1928. Msumbiji, iliyokuwa koloni lake, ikabaki kushoto kwa kuwa majirani zake walikuwa kushoto. Wasweden walipigishwa kura mwaka 1955, na zaidi ya asilimia 80 wakakataa kuhama. Serikali ikahama hata hivyo: tarehe 3 Septemba 1967, saa 11 alfajiri, nchi nzima ilisimama, ikavuka barabara, ikaendelea na safari kwa upande wa pili. Wasweden waliambiwa siku, waliambiwa saa, walichapishiwa vijitabu. Sisi hatukuulizwa na hatukuhama. Tulikabidhiwa barabara ikiwa tayari na upande wake.

Kisha upande huo ukazaa mambo mengine. Kwa kuwa tunashika kushoto, tunanunua magari yaliyotumika kutoka Japani, nchi ambayo haikututawala kamwe lakini nayo hushika kushoto. Gari la baba yangu lilikuwa na maandishi ya Kijapani ambayo hakuna mtu wa Mtae aliyewahi kuyasoma. Ndiyo sababu pia indiketa yetu iko mkono wa kulia, na ndiyo sababu nilipangusa kioo kikavu cha gari la Ulaya kila nilipotaka kukata kona. Kidole changu kilikuwa kinafuata uamuzi wa mwaka 1919 kwa kupitia kiwanda cha Japani.

*

Siku moja kabla ya kosa langu tulikuwa tumetoka Wuppertal kwa barabara kuu ya A1 na kuingia A2 pale Kamen. Kuingia Autobahn ni kama kujitosa mtoni. Sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo. Kuna kilomita 130 kwa saa ambazo dereva anashauriwa tu asizipite. Unakaa kulia, unapita wenzako kwa kushoto, unarudi kulia upesi, kwa sababu yule uliyemwona kama nukta kwenye kioo tayari yuko mgongoni kwako. Kwetu trafiki mwenye tochi hujificha kwenye kichaka ili uogope. Kule nilihisi kwamba kila dereva anamwogopesha mwenzake kwa kutegemea tu kwamba atafuata utaratibu.

Karibu na Kamen kulikuwa na foleni. Magari yalipopunguza mwendo, ya njia ya kushoto yalijisogeza kushoto kabisa na ya kulia yakajisogeza kulia, hata kabla hatujasikia king'ora. Katikati ikafunguka njia, ikapita gari la wagonjwa. Hakuna aliyelifuata kwa nyuma ili kuwahi. Nilimfikiria baba na sheria yake ya mlimani. Anayepanda ndiye mwenye njia: nayo haina kibao, haina askari. Niliona kwamba nchi mbili zinaweza kutofautiana mkono na zikafanana adabu.

Lakini historia haikuniruhusu nistaajabu kwa muda mrefu, kwa sababu kichwani nilikuwa nimebeba safari nyingine, iliyokwenda kinyume na yangu.

Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa Mjerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, kusini mwa Ujerumani. Alitaka kulivusha bara la Afrika. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909, siku 630 baadaye, akawa mtu wa kwanza kuvuka Afrika kwa motokaa. Vitabu vya magari humtaja kwa heshima. Barabara hazikuwepo, kwa hiyo gari hilo lilisukumwa, lilivutwa kwa kamba, lilivushwa mitoni kwa mikono ya watu ambao vitabu hivyo haviwataji majina.

Mwaka huo huo wa 1907, katika wilaya ya Wilhelmsthal, ndiyo Lushoto ya leo, serikali ya Kijerumani ilianzisha kadi za kazi. Kila mwanamume mzima alipewa kipande, na alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Siku zilitiwa alama kwenye kadi. Asiyekuwa na alama za kutosha alilazimishwa. Mtae ilikuwa ndani ya wilaya hiyo. Babu wa babu yangu alikuwa kijana mwenye nguvu wakati huo.

Ninaviweka viwili hivi pamoja kila ninapofikiria safari za utalii. Katika mwaka mmoja, chini ya bendera moja, mtu mmoja alikuwa akivuka bara kwa starehe na jasho la wengine, na wengine hawakuweza kuishi kijijini kwao bila karatasi ya kuthibitisha kwamba wamemtumikia mgeni. Na Oktoba 1909, miezi mitano baada ya Graetz kufika baharini, wajumbe wa mataifa ya Ulaya walikutana Paris wakatia saini mkataba wa kwanza wa kimataifa wa magari. Ndio uliozaa cheti cha kimataifa cha safari, babu wa kijitabu nilichoonyesha kwa mhudumu wa gari la kukodi. Ulikubaliana pia alama nne za hatari: tuta, kona, njia panda na reli inayokatiza barabara. Mzungu aliyetaka kuingia nchi ya Mzungu mwenzake na gari sasa alikuwa na utaratibu wa kuomba njia. Kwetu njia ilikuwa haiombwi.

Sitaki kusema kwamba viza yangu ni kipande. Hakuna aliyenilazimisha kwenda, na hakuna aliyenitia alama za siku. Tofauti hiyo ni kubwa na babu wa babu yangu angeielewa kuliko mimi. Ninachosema ni kwamba, tangu motokaa ya kwanza, kuendesha ugenini hakukuwa na maana moja kwa watu wote. Kwa wengine kulikuwa kujifunza desturi za mwenyeji. Kwa wengine kulikuwa kuja na desturi zako, kisha mwenyeji ndiye azoee.

*

Si kwamba watu wa kwetu hawakusafiri. Mwaka 1931 Martin Kayamba, Mbondei wa upande wa Tanga, jirani yetu wa chini ya mlima, alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usiha na Francis Lwamgira wa Bukoba. Walikwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kayamba alikuwa karani mkubwa wa serikali, na mwaka 1922 alikuwa ameanzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika. Aliporudi aliandika kitabu cha Kiswahili, *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*, kilichochapishwa mwaka 1932.

Jina hilo linanipendeza kwa mpangilio wake: kwanza tuliona, kisha tulifanya. Graetz alifanya kwanza. Kayamba alikwenda nchi ya mtawala wake akiwa na macho ya mgeni, akatazama, akarudi kuwasimulia watu wake kwa lugha yao. Katika siku zangu tano nilitaka kuwa mtalii wa namna hiyo, na nilikaribia kushindwa kwa sekunde kumi tu, kwa sababu macho yangu yalikuwa Ujerumani na mikono yangu bado iko Mtae.

Baada ya kituo cha basi nilimwomba rafiki yangu aendelee yeye. Akakataa. "Ukishuka sasa hutaendesha tena," alisema. Akapendekeza jambo moja: kila tukiingia barabarani kutoka mahali pa kusimama, niseme kwa sauti, "Kulia." Nilisema njia nzima. Nilisema tulipotoka Bethel, ambako tulitembea kati ya majengo ya matofali na miti mirefu na hakuna aliyetuuliza tunatafuta nini. Nilisema tulipotoka kununua mkate. Nilisema hata tulipoingia kwenye maegesho, ambapo hapakuwa na haja. Nilijisikia mjinga, na nadhani ujinga huo ndio ada ya mgeni. Anayekataa kuulipa huwalipisha wenyeji.

*

Niliporudi Mtae, baba hakuniuliza juu ya makanisa wala treni. Aliuliza, "Uliendesha?"

"Niliendesha, baba."

"Upande wao?"

Nikamsimulia yote: waipa, kituo cha mafuta, gari la kijivu, uso wa yule mzee. Nilitegemea acheke au anikaripie. Alinyamaza, akatazama chini kwenye tambarare, ambako jioni ile taa za magari ya barabara ya Moshi zilikuwa zimeanza kuonekana, zikienda na kurudi, kila moja ikishika kushoto kwake.

"Ulisimama?" aliuliza.

"Nilisimama."

"Baadaye ukaendelea?"

"Nikaendelea."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilimweleza pia habari ya Wabelgiji na Waingereza, na Rusumo, na kwamba kushoto kwake alikonirithisha kulipangwa na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Mtae. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza abiria anayedai chenji.

"Sawa," alisema. "Lakini anayepanda ndiye mwenye njia. Hiyo nayo wameipanga wao?"

Nimetafuta kwenye faili zangu. Sijaona mahali walipoiandika.